Casatiello imebaki mbichi katikati: jibu kwa mpishi wa Malindi

"Asalam aleikum mwalimu. Mimi ni mpishi hapa Malindi, nawapikia wazee wawili wa Kiitaliano, mke na mume, wote wamevuka miaka 70. Mama mwenye nyumba kwao ni Napoli, na kila Pasaka alikuwa akioka mwenyewe mkate wa kwao unaoitwa casatiello. Sasa mikono yake inatetemeka, kazi kaniachia mimi pamoja na karatasi ya mapishi ya marehemu mamake: unga kilo moja, kipande kimoja cha hamira, gramu 300 za sugna, salami (soseji kavu ya nguruwe), jibini, mayai matano juu, donge lilale usiku kucha. Nimejaribu kwanza kwangu nyumbani. Mimi ni Muislamu na sugna ni mafuta ya nguruwe, kwa hivyo nilitia mafuta ya kupikia ya maji kwa kipimo kilekile, na badala ya salami nikatia soseji za ng'ombe, na jibini nikatia mozzarella. Nimeambiwa kipande cha hamira ni gramu 25, basi nikapima gramu 25 za hamira ya chenga. Kuamka asubuhi donge limemwagika mezani, linanuka kama mnazi. Nikalioka ndani ya sufuria, moto 220, saa nzima. Nje mweusi, kati mbichi, mafuta yanachuruzika, na mayai mawili yamepasuka. Nimekosea wapi? Naweza kuuoka bila nguruwe na bado ukawa casatiello? Na mama asema kwao hukaa mezani siku tatu, ni kweli? Pasaka imebaki wiki tatu."

Waalaikum salaam, dada yangu. Hapo pa mnazi nimecheka, na si wewe niliyekucheka. Nimekumbuka donge langu mwenyewe lililonuka vivyo hivyo. Miaka niliyofanya kazi ya usiku kwenye duka la mikate huko Napoli nimeharibu casatiello za kutosha, na kila kosa uliloandika hapa nimelifanya, isipokuwa la sufuria. Mikono yako haina kasoro. Karatasi yenyewe pia haina kasoro, ila iliandikwa na mtu wa Napoli kwa ajili ya jiko la Napoli, na kuna mambo hakuyaandika kwa sababu kwake yalikuwa wazi kama mchana. Wewe umeachiwa uyabuni.

La kwanza ni hamira. "Kipande kimoja" kwa Muitaliano ni kile kidonge laini cha rangi ya kijivu kinachouzwa kwenye friji za maduka, na ni kweli kina gramu 25. Lakini hamira ile ni mbichi, na karibu asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Hamira ya chenga unayonunua wewe imekaushwa. Gramu 25 za mbichi ni sawa na gramu 7 au 8 za kavu. Wewe umetia zaidi ya mara tatu ya kinachotakiwa.

Kisha ukalilaza usiku kucha mezani, Malindi. Pasaka huangukia kati ya mwishoni mwa mwezi wa tatu na mwezi wa nne. Huko Napoli wakati huo baridi haijaisha, na jiko usiku laweza kushuka hadi nyuzi 16 au 17. Kwenu ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote, hata alfajiri shuka huitaki. Na hamira hufuata joto: ukiongeza nyuzi kama 10 hivi, mwendo wake unakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo hamira mara tatu, na mbio maradufu, na saa nane. Chachu ilikula sukari yote ya unga, ikatoa pombe (ndiyo hiyo harufu yako ya mnazi), na ule mnato wa unga unaoshika hewa ukalegea na kukatika. Donge la namna hiyo hufura, kisha huanguka, na likiingia motoni halina nguvu ya kujiinua tena. Wapishi wengi wakiona mkate mzito hudhani hamira ilikuwa kidogo, wakaongeza. Wako ulikuwa mzito kwa sababu hamira ilizidi.

Dawa yake ni gramu 4 tu za hamira kavu kwa kilo ya unga, yaani kijiko kimoja cha chai na robo hivi. Kanda jioni kwa maji baridi ya friji, gramu 550 kwa kuanzia, na chumvi gramu 18 tu, kwa maana jibini na nyama zina chumvi yake. Acha donge nje nusu saa lianze kuamka, kisha lifunike na ulitie kwenye friji hadi asubuhi. Friji ndiyo itakuwa usiku wako wa Napoli.

Sasa mafuta. Hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana ndipo mkate huu ulipo hasa. Umetia mafuta ya maji gramu 300 mahali pa sugna gramu 300, ukadhani mafuta ni mafuta. Wengi hudhani hivyo. Lakini sugna kwenye joto la kawaida ni kitu kilichoganda, cheupe, chenye chembe ndogondogo ngumu, na chembe zile zina kazi. Donge likiumuka, mafuta yaliyoganda hujipanga kwenye kuta za vile viputo vya hewa na kuvisaidia visipasuke, hata vikiingia kwenye oveni vinaendelea kukua kidogo kabla mkate haujakauka. Mafuta ya maji hayana chembe hizo. Yanateleza tu kati ya nyuzi za unga, viputo vinaungana na kuvunjika, na mafuta yasiyo na pa kushika hutafuta njia ya kutoka. Ndiyo yale yaliyochuruzika kwenye sufuria yako.

Halafu kuna kazi ya pili ya sugna, na hii unaijua tayari bila kuambiwa. Ukisukuma chapati, unapaka samli, unakunja kama mkeka, unaviringa, unasukuma tena, ili ichambuke. Casatiello ni mambo yayo hayo. Mafuta hayaingii yote kwenye kinyunga. Sehemu hukandwa ndani, sehemu hupakwa kwa kiganja juu ya kinyunga kilichotandazwa, inanyunyizwa pilipili manga ya kusagwa kwa chengachenga, nyingi kuliko unavyodhani inafaa, inamwagwa nyama na jibini, kisha kinaviringwa kama mkeka na kuungwa ncha kwa ncha kiwe pete. Mkate mzuri ukiukata unaona zile pete ndani yake, tabaka juu ya tabaka. Kwa mafuta ya maji hupati tabaka, kwa sababu hayakai unapoyapaka.

Basi kwa asiyetumia nguruwe, cha kwanza ninachokipendekeza ni samli. Haina maji, kama sugna, kwa hiyo gramu kwa gramu unabadilisha bila kugusa kipimo cha maji. Siagi si hivyo: karibu sehemu moja katika sita ya uzito wake ni maji, na hayo maji utayaona kwenye kinyunga. Tatizo la samli kwenu ni joto, jikoni mwako mchana inakuwa uji. Itie friji mpaka ishike kidole, ipake upesi, na usiache mkate uumuke kwenye jua wala juu ya friji palipo na joto, kwani samli itayeyuka na kutoka jasho kabla ya oveni kuwaka. Ladha yake si ya sugna, ni ya maziwa, ila mimi binafsi naipenda. Wako wanaochanganya na shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa na kuchujwa, robo shahamu na robo tatu samli, ili mafuta yawe magumu zaidi. Yafaa, lakini shahamu ikizidi inaganda kwenye kaakaa la mlaji mkate ukipoa, na wazee huchukia hilo. Kwa kilo yako ya unga gramu 250 za samli zinatosha. 150 kanda nazo, 100 za kupaka. Na zile za kukanda zitie mwisho, donge likishakuwa laini. Ukitangulia kuupaka unga mafuta, maji hayaupati vizuri na mnato unachelewa.

Sufuria ndiyo iliyokuponza katikati. Tazama umbo la chombo cha Napoli, wenyewe wanakiita ruoto: kina tundu katikati. Watu hueleza kwamba pete ile ni taji la miiba la Yesu, na ndivyo wanavyoelezana familia zao, lakini muokaji atakwambia pia kwamba tundu ni bomba la moto. Mkate huu una uzito wa zaidi ya kilo mbili, umejaa mafuta na nyama, na joto lake linapenya polepole kutoka nje kwenda ndani. Bila tundu, safari ni ndefu mno. Nje unaungua na kati bado ni kinyunga. Ukiwa na tundu joto linaingia pande zote mbili. Kama huna chombo chenye tundu, chukua sufuria pana, simamisha katikati kikombe cha bati kisicho na rangi wala plastiki, ukipake samli kwa nje, na ulaze mkate kukizunguka. Punguza moto, 170, saa moja na robo kwa uzito huo, na juu ukianza kuwa mweusi funika kwa karatasi ya aluminiamu.

Saa si kipimo cha kuaminika, hasa kwa oveni za gesi ambazo namba zake zimefutika. Nunua kipimajoto cha kuchoma chakula. Chomeka kwenye sehemu nene ya kinyunga, si kwenye jibini. Kikisoma nyuzi 94 mkate umeiva. Na usiukate ukiwa bado wa moto. Pasaka yangu ya kwanza kule nilikata wa kwangu ukiwa bado unafuka, na mwenye duka akaninyang'anya kisu mkononi mbele ya wateja. Unga ukitoka motoni bado ni kama uji uliosimama, unahitaji kupoa ndipo ushikane. Saa mbili, tatu.

Mozzarella nayo ilikuangusha, na sitakaa hapo sana. Ile mbichi zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na soseji za kuchemsha vivyo hivyo. Uliyafunga maji ndani ya mkate ukategemea yakauke. Jina lenyewe casatiello linatokana na caso, yaani jibini kwa Kinapoli, lakini jibini linalokusudiwa ni kavu lililokaa: provolone na pecorino. Gouda au cheddar iliyokomaa inafaa. Ikate vipande kama punje kubwa za njugu, uilaze wazi kwenye friji usiku mmoja ikauke. Kilo moja ya vijazo vyote kwa kilo ya unga ndiyo mpaka, na usiviringe kwa kukaza mno, kwa sababu donge litatafuta pa kupumulia na kupasuka ubavuni.

Mayai. Kuna wanaosema yachemshwe kwanza. Hapana, yanawekwa mabichi na ganda lake, na yanaivia humohumo kwenye oveni. Ukiyachemsha kisha ukayaoka saa nzima, kiini kinakauka na kuvaa ukingo wa kijani. Yanayochemshwa ni yale yanayokatwa na kutiwa ndani, na mkate huo jina lake ni tortano. Nyumba nyingine huchanganya majina haya na ugomvi huwa haushi, kwa hiyo muulize mama wao walisemaje. Yako yalipasuka kwa sababu yalitoka baridi yakaingia moto wa 220, na ile hewa iliyo upande butu wa yai ikatanuka ghafla. Yaache nje yapoteze baridi, yaoshe na kuyakausha, tazama kama kuna ufa. Tengeneza vishimo kwa vidole mkate ukishaumuka, dakika chache kabla ya kuoka. Usiyaweke mapema yakakaa saa mbili kwenye kinyunga cha joto. Kila yai linafungwa kwa vijiti viwili vya kinyunga vilivyopishana, na vijiti hivyo kwao ni msalaba, ingawa pia ndivyo vinavyozuia yai lisibingirike. Kama kuvipanga hakukupi raha, mwachie mama. Kuweka vijiti kumi juu ya mayai matano hakuhitaji mkono usiotetemeka, na nadhani atafurahi kuliko unavyofikiri.

Hapo tunafika kwenye swali lako zito. Je, bila nguruwe bado ni casatiello? Nitakwambia ukweli wangu. Mkate huu ni wa zamani. Giambattista Basile, mwandishi wa Napoli, ameutaja katika hadithi zake zilizochapishwa kati ya 1634 na 1636, pale mfalme anapoandaa karamu ili ampate mwenye kiatu, na mezani kuna casatiello. Kwa karne hizo zote harufu yake imekuwa ya nguruwe. Kwaresima imekwisha, watu walikuwa wamejinyima nyama, na ghafla nyumba nzima inanuka sugna na pilipili manga. Ukiitoa sugna na salami, ulaini unaweza kuupata, tabaka unaweza kuzipata, hata sura. Harufu ile hutaipata. Utapata mkate mzuri sana ambao ni ndugu yake. Mimi ningeuita casatiello ya samli na kumwambia mama hivyohivyo kabla hajauonja, kwa maana aliyekula mkate huu miaka 70 atajua kwa pua kabla ya ulimi, na kuambiwa mapema kunampa nafasi ya kuupenda kwa vile ulivyo.

Lakini kuna njia nyingine za kuligawa jambo hili. Unaweza kukanda donge la samli, likaumuka, ukalitandaza. Mwenye nyumba au mtu mwingine akatia salami na kuviringa. Au mkaoka miwili, mmoja wa samli na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, na mwingine mama akaagiza kwa wenzake. Waitaliano wamekuwa hapo Malindi tangu enzi za mitambo ya kurushia roketi ya San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, sidhani atakosa wa kumwokea. Kama chombo kimoja kitapita nguruwe, tenga vyombo vyako. Na ujue kwamba hata jibini lina swali lake: pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa mwanakondoo, na huwezi kujua alichinjwaje. Ama kuhusu kugusa, kuwapikia wengine na kulipwa kwa kazi hiyo, mimi ni mwokaji. Muulize sheikh wako ana kwa ana, na umweleze kazi yako ilivyo bila kuficha.

Siku tatu mezani? Kwao, ndiyo. Huoka Ijumaa Kuu au Jumamosi, wakala Pasaka, na kinachobaki kinafungwa kwenye kitambaa kwenda nacho matembezini Jumatatu. Kwa salami kavu, jibini kavu na hewa ya baridi, wamezoea. Kwako usifanye hivyo. Joto la pwani likipita nyuzi 30 na unyevu wake, mayai na nyama laini visikae nje zaidi ya saa moja mkate ukishapoa. Ukishapoa kabisa, kata vipande, funga, tia friji, na kila unapotaka kuandaa pasha kipande kwenye oveni dakika chache. Samli ikilainika ladha inarudi. Mayai ya juu nayo yaliwe upesi au yaingie friji. Nakusisitizia hili kwa sababu unaowalisha ni wazee. Mmoja wao akiharisha na homa, au damu ikaonekana, au akashindwa kushika maji tumboni, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mwili wa mtu wa miaka 70 hukaukiwa maji upesi.

Mambo mengine siwezi kuyatibu kwa maandishi. Oveni inayonuka gesi, au inayowaka ndimi za manjano badala ya buluu, ni kazi ya fundi, na asitumie mtu mpaka aje. Na ulaini wa donge hauandikiki. Naweza kukwambia liwe laini kuliko la mahamri na lisigande mkononi, lakini saa moja na mtu anayejua ni bora kuliko barua yangu yote. Mtu huyo unaye nyumbani. Mkalishe mama jikoni kwenye kiti, mletee donge mapajani kwenye sinia, alibonyeze. Mikono inatetemeka, lakini vidole bado vinajua.

Ukijaribu tena, anza na nusu ya kipimo, gramu 500 za unga na mayai mawili, dakika 50 hivi. Niandikie kipimajoto kilisoma ngapi ulipoutoa, na joto la jikoni lilikuwa ngapi ulipoulaza. Hizo namba mbili zitaniambia zaidi kuliko picha.